Nambari ya Mikono Miwili

Sawatari Mineko alikuwa na nambari moja, na nambari hiyo ilikuwa inamnyima raha. Moja nukta sifuri moja. Aliiandika kwa penseli kwenye karatasi safi, akaiweka mezani kwake pale taasisi, na tangu Jumatatu alikuwa akiipita kama mtu anavyompita mbwa asiyemwamini. Ijumaa ilikuwa Siku ya Kufunua, na Mineko hakuwa na mkaguzi.

Sasa hapo lazima nieleze, maana bila hilo hakuna hadithi. Taasisi ile iko pembezoni mwa Tokyo, nyuma ya mashamba ya figili, na mzee aliyeianzisha alikuwa mkali kweli kweli. Hakuwaamini watu wa kupiga hesabu, naye mwenyewe akiwamo. Aliona wapimaji wakipima kitu maabara, wapiga hesabu wakisikia fununu ya kipimo, na hesabu zao, jamani, zikitoka zinalingana na fununu! Akachoka. Akaweka sheria kwamba pande mbili zisiambiane neno. Siku ikifika, kila upande unalaza karatasi yake kifudifudi juu ya meza yenye kitambaa cha kijani, kisha zinafunuliwa kwa pamoja. Na upande wa hesabu lazima karatasi ziwe mbili, za watu wawili waliokaa vyumba viwili, kila mmoja ameanza mwanzo kabisa bila kumwuliza mwenzake hata herufi moja, na chini amepiga muhuri wa jina lake. Zikilingana, nambari hiyo ni utabiri, inaandikwa kwa jina lenu na haifutiki. Ukija na karatasi moja, unarudi nayo. Na ukisema baadaye kwamba na wewe ulikuwa unajua, hayo yanaitwa maelezo, na maelezo kila mtu anayo nyumbani kwake.

Mzee alikuwa ameshakufa, lakini sheria yake ilikuwa hai kuliko watu wengi waliokuwa wanaifuata.

Kitu chenyewe alichokipigia hesabu Mineko tangu usichana wake si kigumu kukisimulia. Ndani ya kiini cha atomu nzito, tuseme ya risasi au ya jirani yake poloni, protoni huzunguka, na kwa kuwa ina chaji ya umeme, kule kuzunguka hutoa usumaku kidogo. Protoni ikiwa peke yake, usumaku huo unahesabiwa moja kamili. Lakini ndani ya kiini hakuna aliye peke yake. Protoni na nyutroni, jirani yake asiye na chaji, hurushiana kijichembe kiitwacho mesoni, na huko kurushiana ndiko kunakozishikamanisha. Mesoni ikiwa njiani inaweza kubeba chaji. Kwa hiyo umeme unatembea hata pale ambapo hakuna protoni inayotembea. Mineko alikielewa kitu hiki kabla ya kwenda chuo. Wakati wa vita, akiwa mtoto, alisimamishwa kwenye mstari wa wanawake wa mtaa wao, wakipokezana ndoo katika mazoezi ya kuzima moto. Maji yalitoka kisimani yakafika juu ya paa, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyetoka mahali pake. Swali la maisha yake lilikuwa hilo tu. Je, ndoo zile zinaongeza kiasi gani juu ya ile moja?

Na sasa hesabu ilikuwa inamjibu kwamba zinaongeza sehemu moja katika mia. Yaani karibu na bure. Nywele zimeingia mvi, macho yamekwisha, halafu ndoo hazina maji! Angekubali kama angeamini, maana hakuwa mtu wa kulilia makubwa. Lakini hakuamini. Kuna mahali alihisi hesabu imeteguka, na kila akirudi kupapasa hapapati, kwa sababu aliyekuwa anapapasa ni yeye yule yule aliyekosea.

Alimjaribu Wakui, kijana wa idara yao, mwenye nywele ndefu na moyo mzuri.

"Mwalimu, si tuipeleke kwenye kompyuta?" Wakui akasema. "Leo kadi zinatobolewa, kesho asubuhi jibu unalo."

"Programu yenyewe imeandikwa kutoka kwenye fomula ya nani?"

"Yako."

"Basi itakosea nilipokosea, ila mbio zaidi. Nataka mtu aanze mwanzo, kwa mkono."

"Kwa mkono? Mpaka Ijumaa?" Wakui akajikuna kichwa. "Mwalimu, nitakufa, na mama yangu atakuja kukudai mimi. Halafu huko kwenye mesoni kwenyewe… unajua. Siku hizi watu wote tumeingia ndani ya protoni yenyewe, tuko kwenye kwaki."

"Nenda kwenye kwaki zako, mwanangu. Wala sikulaumu."

Hakumlaumu kweli. Lakini alipofika nyumbani jioni hiyo, kwenye kile chumba chake ghorofa ya nne, alijiona mpweke. Muuza samaki wa pale kituoni alikuwa amemkatia nusu kipande bila hata kuulizwa, kama kawaida, akasema, "Nusu yako hii, Mwalimu." Akakikaanga, akakila akisikiliza redio ikitaja bei za mboga. Duniani kote palikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kuifuata mesoni ile hatua kwa hatua kwa mkono wake mwenyewe, na mtu huyo alikuwa mbali, analima zabibu.

Orihara Teizo ndiye aliyekuwa mkaguzi wake enzi za ujana wao. Walipewa vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kila mmoja alikuwa na mashine ya kuhesabia ya chuma, zile za mpini. Unapanga nambari kwa vijino, unazungusha. Ukizungusha mbele unajumlisha, ukizungusha nyuma unatoa, na ukitoa ukapita sifuri kengele inalia. Mbele mlio wake ni mkavu, nyuma ni mzito. Kwa miaka yote ile Mineko alifanya kazi akisikia mpini wa Orihara ng'ambo ya ukuta. Hawakuambiana kitu, sheria haikuruhusu, lakini alijua mwenzake anapojumlisha, anapotoa, na anapoketi tu akijikuna. Siku karatasi zao zikilingana, walikwenda kula soba, tambi za moto, kwenye kibanda cha karibu na njia ya reli, na aliyemaliza hesabu kwanza ndiye aliyelipa. Zisipolingana, kila mmoja alishika njia ya kwao.

Watu walisema mengi juu yao. Hakukuwa na lolote. Au labda lilikuwapo, likaachwa hapo ng'ambo ya ukuta mpaka baba yake Orihara akapooza, mwana akaitwa nyumbani Yamanashi kushika shamba, na chumba cha pili kikageuzwa stoo ya karatasi.

Kila mwaka mpya Orihara alileta kadi ya salamu. Miaka ya karibuni mwandiko ulikuwa wa dada yake, Hatsue. Mineko hakujiuliza kwa nini. Ama tuseme alijiuliza, akaliacha swali hapo hapo.

Akapiga simu. Hatsue akapokea, akasikiliza mpaka mwisho.

"Njoo tu," akasema. "Ila ujue siku hizi ana siku zake."

Mineko alisikia "njoo tu". Mengine hakuyasikia.

Jumatano asubuhi alikuwa ndani ya treni, karatasi tupu zimo mkobani, sanduku la keki za maharage limefungwa vizuri mapajani. Milima ilipoanza kukaribiana dirishani alijikuta anatabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Nyumba ya akina Orihara ilikuwa kubwa na ya zamani. Matunda ya kaki yaliyomenywa yalining'inia kwa kamba ukingoni mwa paa, yakikauka. Hatsue, mjane mfupi mwenye mikono ya mkulima, alimpokea mlangoni.

"Umekonda wewe! Huko Tokyo hawauzi chakula?"

"Wanauza, dada. Napika kidogo."

"Unapika kidogo kwa sababu unakula na redio. Najua, usiniambie. Ingia."

Orihara alikuwa ameketi karibu na meza ya chini, amenyoa, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alipomwona akainuka upesi.

"Sawatari-san! Umechelewa. Nimekungoja tangu asubuhi."

"Treni, Orihara-san. Nisamehe."

"Haya, haya. Mwalimu Mkuu hajambo?"

Mwalimu Mkuu ni yule mzee wa sheria, aliyekuwa amezikwa zamani. Mineko alisita. Orihara alipenda mzaha tangu zamani, na mzaha mwingi ulimhusu mzee yule. Akacheka.

"Hajambo. Bado mkali."

"Ataacha lini!" Orihara akasema, akafurahi sana.

Mineko akamweleza kazi: kiini cha poloni, protoni zake za nje, mesoni zinazorushwa, usumaku wa mzunguko. Hakutaja nambari yake, wala wapi panamtia shaka. Orihara aliitikia kwa kichwa pale pale palipotakiwa. Kisha akafungua kabati, akaitoa mashine yake. Ilikuwa inang'aa, imepakwa mafuta, mpini wake umelainika kwa viganja.

"Anaipangusa kila siku," Hatsue akasema. "Mimi sijawahi kupanguswa hivyo na mtu yeyote."

"Bila kuniuliza kitu," Mineko akasema.

"Bila kukuuliza kitu," Orihara akajibu. "Unadhani nimesahau sheria?"

Vyumba viwili vilitenganishwa na mlango wa karatasi wa kusukuma. Hatsue aliusukuma ukafungika kati yao, akatikisa kichwa.

"Mlipokuwa vijana niliwaombea mfunge ndoa," akasema. "Ninyi mkafunga mlango."

Mineko alikaa chini na penseli yake. Kwa muda hakuna kilichosikika ila sufuria ya Hatsue jikoni. Halafu, ng'ambo ya karatasi, mpini ukaanza.

Lo! Sijui nikwambieje. Kuna watu wamekaa na waume zao miaka arobaini na hawajawahi kufarijiwa na sauti kama Mineko alivyofarijiwa na mlio ule. Kra, kra, kra. Mabega yakamshuka. Hakukumbuka mara ya mwisho yaliposhuka hivyo. Kulikuwa na mtu upande wa pili, anatembea njia ile ile gizani, na hakuna haja ya kuitana. Penseli ikakamata mwendo. Akaanza mwanzo kabisa, kama na yeye hajawahi kuiona kazi hiyo. Kwanza ile mesoni inayotoka kwa protoni kwenda kwa nyutroni. Akamaliza, akaandika. Halafu ile inayotoka kwa nyutroni kwenda kwa protoni, yenye chaji hasi. Hiyo kwenye hesabu yake ilikuwa inatolewa, na kule kutoa ndiko kulikokula karibu kila kitu kilichopatikana mwanzoni.

Akatega sikio. Orihara naye atakuwa amefika hapo. Sasa atazungusha nyuma, mlio utakuwa mzito, na kengele italia. Akaingoja kengele kama mtu anayengoja mwenzake apige chafya.

Kengele haikulia. Mpini ulikwenda mbele. Kra, kra, kra, mkavu, hauna wasiwasi, mbele tu.

Anafanya nini huyu? Mineko akajisemea. Hapo si pa kutoa?

Akangoja tena. Mbele. Mbele tena.

Anajumlisha! Amefika hapo na anajumlisha!

Akakasirika kidogo, kama zamani. Huyu mtu siku zote mbishi. Kisha hasira ikageuka swali, na swali likamrudisha kwenye ukurasa wake. Kwa nini yeye anatoa? Kwa sababu mesoni hii inakwenda kinyume. Sawa, inakwenda kinyume. Lakini chaji yake nayo ni hasi. Hasi inayorudi nyuma ni sawa na chanya inayokwenda mbele. Alama inageuka mara mbili, kwa hiyo haigeuki. Akarudi mistari kumi, ishirini, akapekua. Na pale, mahali alipobadilishana protoni na nyutroni, mahali alipopita mara mia bila kupaona, alikuwa ameigeuza alama mara moja tu.

Mara moja! Aliiona na bado hakuamini. Ndoo zote zilikuwa na maji. Zile alizodhani zinarudi tupu ndizo zilizokuwa zinajaza pipa.

Penseli ikakimbia. Vipande viwili badala ya kulana vikasaidiana. Akaondoa kile kinachozuiwa na msongamano wa kiini, akaongeza marekebisho madogo madogo, akajumlisha. Moja nukta sifuri tisa. Sehemu tisa katika mia. Akaiandika na kupiga muhuri wake chini, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Hakuwahi kufurahi hivyo tangu soba za kibanda kile, na alitaka kumwambia mtu, na mtu mwenyewe alikuwa pale, hatua mbili tu.

"Orihara-san, naweza kufungua?"

"Fungua."

Akausukuma mlango. Orihara alikuwa bado anazungusha. Jua la mchana lilikuwa limemfikia magotini. Karatasi iliyokuwa mbele yake haikuwa na alama yoyote, isipokuwa chini kabisa, kwenye kona, muhuri wa jina lake, mwekundu, umepigwa vizuri kabisa. Mineko akaitazama mashine. Vijino vyote vilikuwa kwenye sifuri. Alikuwa amejumlisha sifuri na sifuri mchana kutwa.

"Umefika wapi?" Mineko akauliza, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Mbali," Orihara akasema akitabasamu. "Wewe umemaliza. Nilisikia. Ulinyamaza kimya, halafu penseli ikatoka mbio. Ukikaribia mwisho siku zote penseli yako inatoka mbio."

"Orihara-san, mashine haina nambari."

"Haina?"

Akainama, akavitazama vijino kimoja kimoja. Uso ukamwiva kama mtu aliyekutwa hajavaa. Akausogeza karibu na Mineko, akashusha sauti ili dada yake asisikie.

"Nimesahau inaanzaje," akasema. "Nikaona nikiuliza nitavunja sheria. Na nikikaa kimya utajua uko peke yako. Basi nikazungusha."

Mineko akaugusa ule mpini, bado una joto la kiganja.

"Usimwambie Mwalimu Mkuu."

"Simwambii."

"Muhuri nimeshapiga. Nambari utajaza wewe. Mkono wangu siku hizi unatetemeka." Akampa ile karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama walivyokuwa wakipeana zamani.

Mlangoni Hatsue alimfungia kaki zilizokauka, akamtazama usoni.

"Nilikuambia ana siku zake."

"Uliniambia, dada."

"Leo ilikuwa nzuri. Usilie. Hii ilikuwa nzuri sana."

Ndani ya treni Mineko alikaa na karatasi mbili mkobani, na sitaki kukudanganya kwamba hakuwaza. Aliwaza kituo hadi kituo. Nambari ilikuwa sahihi, alikuwa na hakika nayo kama alivyokuwa na hakika na jina lake. Karatasi ya pili ilikuwa tayari na muhuri wa kweli, na mwenyewe alikuwa amesema ijazwe. Tarakimu tatu na nukta. Kwa tarakimu tatu, miaka yake yote ingeandikwa utabiri, na jina la Orihara lingekaa kando ya lake mahali ambapo halifutiki. Nani angeumia? Na je, mpini ule si ndio uliomwonyesha kosa? Je, huko si kukagua? Akatoa penseli. Akairudisha. Mvulana wa kuuza chai akapita akamwuliza kama anajisikia vibaya, akasema hapana.

Ijumaa, saa nne asubuhi, ukumbi ulijaa. Kumagai, mkuu wa wapimaji, jitu la miraba minne lenye sauti ya mnadani, alikuwa na watu wake upande wa dirisha, hawajalala vizuri, wanachekeana. Wao walikuwa wamekishika kiini cha poloni ndani ya sumaku na kukitazama kinavyoyumba kama pia ya kuchezea, wakapata kipimo chao. Mwenyekiti Tsukuda, mtu mkavu, alisimama kichwani mwa meza.

"Upande wa hesabu. Karatasi mbili?"

"Mbili," Mineko akasema, akazilaza kifudifudi juu ya kitambaa cha kijani.

"Mkaguzi?"

"Orihara Teizo."

Wazee wawili watatu waligeuka. Vijana hawakulijua jina hilo.

"Funueni."

Kumagai akafunua yake kwa kishindo. Moja nukta sifuri tisa. Mineko akafunua ya kwanza. Moja nukta sifuri tisa. Wakui akaruka kwenye kiti, akapiga kelele, "Ni ile ile! Mwalimu, ni ile ile!" Ukumbi ukaanza kuvuma. Kisha Mineko akafunua ya pili, na mvumo ukakatika.

"Hii tupu ni nini?" Tsukuda akauliza.

"Mkaguzi hakufika mwisho."

"Sawatari-san." Kumagai aliizunguka meza, na sauti yake ya mnadani alijaribu kuifanya ya siri, ikashindikana. "Dada yangu, muhuri huu hapa! Si ungeandika tu? Nani angejua?"

"Ni karatasi yake. Alichokipata ndicho hicho."

Tsukuda aliishika ile karatasi tupu muda mrefu. Labda na yeye hakutaka kusema alichosema. "Sheria ni sheria. Mkono ni mmoja. Kipimo cha Kumagai-san kinaandikwa. Hesabu ya Sawatari-san itapokelewa kama maelezo." Akakohoa. "Pole sana."

Mineko akainama kidogo, akachukua karatasi zake mbili. Iliuma, asikwambie mtu. Iliuma mpaka kwenye meno. Mchana wapimaji walikwenda kunywa, wakamwita, akasema ana kazi. Alikaa ofisini kwake, na ng'ambo ya ukuta stoo ya karatasi ilikuwa kimya.

Jumapili akapanda treni tena. Hakujua vizuri anakwenda kufanya nini. Orihara alikuwa uani, chini ya kaki, shati limefungwa mpaka juu.

"Sawatari-san! Umechelewa. Nimekungoja tangu asubuhi."

"Treni, Orihara-san. Nisamehe."

"Wamefunua?"

Alikumbuka. Mineko alishtuka, akaketi kando yake kwenye ubao. "Wamefunua."

"Wapimaji wamepata ngapi?"

"Moja nukta sifuri tisa."

"Na wewe?"

"Hiyo hiyo."

Orihara alipiga paja, akacheka, kisha kicheko kikapungua. Akashika kifungo cha shati lake, akakizungusha, akazungusha. Akatazama chini.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi nilipata ngapi?"

Mineko, ambaye mbele ya ukumbi mzima alishindwa kusema uongo kwa ajili ya jina lake mwenyewe, safari hii hakuvuta hata pumzi.

"Hiyo hiyo, Orihara-san. Zililingana."

"Zililingana!" Akainuka, macho yanang'aa. "Basi twende soba. Wewe ndiye unayelipa, ulimaliza kwanza, nilisikia penseli. Kofia yangu iko wapi? Hatsue! Kofia yangu!"

"Iko kichwani kwako!" Hatsue akajibu kutoka jikoni.

Akaipapasa, akaikuta, akacheka tena. Mineko akamshika mkono wakashuka ngazi ya mawe polepole, wakapita kati ya mizabibu iliyopukutika majani. Walipofika barabarani Orihara akasimama, akamwuliza tena yeye mwenyewe alipata ngapi, na Mineko akamwambia.